Hatukufungiwa na Google, Tulijifungia Wenyewe



Najua nikishaiweka hii hewani kuna watu watanipigia simu usiku. Wengine wataniuliza nimelipwa shilingi ngapi. Sawa, pigeni. Ila kwanza someni mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi, linaihusu halmashauri yetu, na linamhusu mama mmoja anayeuza mboga sokoni ambaye kwa muda mrefu ametozwa ushuru usiokuwepo kwenye sheria.

Mnalikumbuka lile bango? "TUMEFUNGIWA!" Nyekundu na nyeusi, kufuli kubwa juu ya picha ya simu. Lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuliko hata ratiba ya mikutano yetu. Ujumbe ulikuwa mwepesi: serikali imeiagiza Google iifute tovuti ya vijana wa mkoa wetu. Ushahidi wenyewe ni kwamba ukiandika jina letu kwenye Google, kinakuja kiungo kikavu, na chini yake maneno kwamba hakuna maelezo ya ukurasa huo. Makala zetu zote kuhusu wagombea wa serikali za mitaa, hola.

Ukweli ni huu. Hakuna aliyetufungia. Aliyefunga ni mimi.

Mimi ndiye ninayetunza ile tovuti. Siku tulipokuwa tunahamia kwenye seva mpya, sikutaka watu wakute kurasa nusunusu kwenye Google, kwa hiyo nikaweka faili dogo lenye mistari miwili:

User-agent: *
Disallow: /

Kazi ikaisha, tukazindua, tukapiga picha na mwenyekiti. Faili nikalisahau palepale. Bango lilipoanza kuzunguka, siku ya pili tu nikaenda kuangalia, nikakuta mistari yangu miwili inaniangalia. Nikafuta usiku uleule. Halafu nikanyamaza. Siku tisa nimenyamaza, jamani. Kwa nini? Kwa sababu uongo ulikuwa unatulipa. Wafuasi wanaongezeka, viongozi wanatutaja jukwaani. Na kurasa zilipoanza kurudi kwenye Google, mtu akaandika kwenye grupu: "Presha ya wananchi imefanya kazi, wametufungulia!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikaweka kidole gumba.

Naona aibu kuandika hivyo. Lakini ngoja nieleze jambo lenyewe kwa Kiswahili cha kawaida, maana mambo haya yakibaki kwa watu wa IT peke yao, ndipo uongo unapopata pa kujificha. Uongo wetu na wa wenzetu walioko ofisini.

Google haizunguki intaneti nzima pale unapobonyeza kutafuta. Ina roboti, yaani programu, anayezunguka usiku na mchana akifungua kurasa, akifuata viungo, akisoma na kupeleka nakala ghalani. Wewe ukitafuta, unatafuta humo ghalani. Kabla roboti hajaingia kwenye tovuti, adabu yake ni kwanza kusimama mlangoni asome faili moja liitwalo robots.txt. Utaratibu huu ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukakaa miaka 28 kama makubaliano ya kiungwana tu, mpaka Septemba 2022 ulipoandikwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti, RFC 9309.

Sasa rudi kwenye mistari yangu. Ile nyota maana yake ni roboti yeyote. Disallow maana yake usipite. Na ule mkwaju ukiwa peke yake ni tovuti nzima, kuanzia sebuleni hadi jikoni. Ukiufuta mkwaju ukaacha "Disallow:" tupu, maana inageuka kabisa: hakuna kilichokatazwa, pita popote. Alama moja tu ya kalamu, na chama kizima kinatoka kwenye macho ya watu.

Na kile kiungo kikavu je? Hapa ndipo wengi tulipotea. Faili hili linamwambia roboti asisome. Haliiambii Google isahau kwamba ukurasa upo. Kama blogu nyingine imeweka kiungo cha kuja kwetu, Google inajua anwani ipo, ila haijui ndani kuna nini. Ni sawa na mtu aliyeelekezwa nyumba ya fulani akakuta geti limefungwa. Atakuonyesha nyumba, lakini hawezi kukwambia wamepika nini. Kwa hiyo kile tulichokiita ushahidi wa kufutwa kilikuwa kinaonyesha kinyume. Anwani yetu ilikuwa bado inaonekana. Kilichokosekana ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa hiyo niliinyima mimi.

Hata kurudi kwetu taratibu hakukuwa presha ya wananchi. Google kwa kawaida hukaa na nakala ya faili hili hadi saa 24, kisha roboti hurudi kwenye kurasa moja moja. Nyingine siku mbili, nyingine wiki kadhaa. Hakuna aliyetufungulia.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Kilichonitoa ni yule mama.

Nilipita sokoni jioni, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanivuta pembeni. "Mwanangu, wewe si ndiye wa kompyuta? Hebu nitafutie kwenye hiyo Google, ushuru wa genge la mboga ni shilingi ngapi. Mimi natoa 500 kila siku, mwenzangu wa kona ile anatoa 300, na mkusanyaji ni yuleyule. Risiti anatoa siku anayojisikia."

Nikamwambia mama, hilo dogo. Nikatafuta palepale kwa bando langu. Sheria ndogo ya ushuru, jina la halmashauri, jina la soko. Hamna kitu. Zikaja picha za mkurugenzi akikata utepe, zikaja habari za ziara, ikaja mbio za mwenge. Nilipofika nyumbani nikaingia kwenye tovuti ya halmashauri yenyewe, nikafungua menyu ndani ya menyu, kurasa kwa kurasa, mpaka nikaipata. Ipo! Sheria ndogo imepigwa muhuri, na kwenye jedwali la mwisho imeandikwa wazi: genge la mboga, shilingi 300 kwa siku.

Shilingi 200 kila siku, jamani. Kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri kufuata mchicha.

Nikajiuliza mbona Google haikuileta. Nikaongeza /robots.txt mwishoni mwa anwani ya tovuti yao, kitu ambacho mtu yeyote mwenye simu anaweza kufanya. Nikakuta hivi:

User-agent: *
Disallow: /taarifa
Allow: /taarifa/picha

Someni hiyo mistari pole pole. Kanuni hizi zinalinganisha mwanzo wa anwani. Ukiandika /taarifa bila mkwaju mwishoni, hujafunga folda ya taarifa tu. Umefunga kila anwani inayoanza na neno hilo: taarifa-za-fedha, taarifa-za-zabuni, taarifa-kwa-umma. Na sheria ndogo yenyewe waliihifadhi ndani ya /taarifa/sheria-ndogo. Yote hayo roboti ameambiwa usipite.

Halafu tazameni mstari wa tatu. Kanuni mbili zikigongana juu ya anwani moja, Google inafuata ile iliyo ndefu zaidi, maana ndiyo iliyolenga zaidi. Anwani za picha zinaguswa na Disallow na zinaguswa na Allow, lakini Allow ni ndefu, kwa hiyo inashinda. Matokeo yake bajeti imefungwa, zabuni zimefungwa, sheria ya ushuru imefungwa, na picha za bosi akikata utepe zinapita bila kupingwa.

Je, ni makusudi? Siwezi kuapa. Inawezekana fundi alitaka kufunga folda moja ya majaribio akasahau mkwaju, kama mimi nilivyousahau wangu. Inawezekana mtu wa mawasiliano alilalamika picha hazionekani, fundi akazifungulia picha peke yake na hakuna aliyelalamikia bajeti. Huo ndio msiba wenyewe. Picha zilipopotea kuna mtu ofisini aliona zimepotea. Sheria ya ushuru ilipopotea, hakuna aliyeona.

Nilikwenda ofisini kwao. Afisa alinipokea vizuri, sina la kusema. Akaniambia: "Kijana, tovuti iko wazi saa 24. Nyaraka zote zipo. Hakuna kilichofichwa."

Na kwa maneno yake yuko sahihi! Zipo. Lakini hivi, ni nani anayeingia menyu ndani ya menyu kwa bando la kuungaunga? Mwananchi anaandika swali lake kwenye Google basi. Huo ndio mlango wake. Kuweka sheria kwenye tovuti halafu ukamkataza roboti kuisoma ni sawa na kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, kisha ukaugeuza ubao uangalie ukuta. Karatasi ipo. Asome nani?

Najua kuna hoja za upande wa pili, na nazijibu kwa haki.

Mtu atasema faili linapunguza mzigo wa seva. Kweli kabisa, ndiyo kazi yake halali. Kuna kurasa za kutafuta ndani ya tovuti na kalenda zisizo na mwisho ambazo roboti akiingia hatoki. Hizo fungeni. Ila sheria ndogo ya kurasa chache haijawahi kuzamisha seva ya mtu.

Mwingine atasema ni usalama. Hapana. Robots.txt ni ombi, siyo kufuli. Roboti muungwana anatii, mhuni anapita. Na faili lenyewe liko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo ukiandika humo jina la folda yako ya siri, umemchorea mwizi ramani. Kama kuna jalada la siri kweli, liwekewe nywila au lisiwekwe mtandaoni kabisa. Na kama unataka ukurasa usitokee kwenye Google, unaweka amri ya noindex kwenye ukurasa wenyewe, na lazima umwache roboti aingie aisome. Ukimfungia mlango, barua uliyomwachia mezani ataionaje?

Kwa hiyo kwenye nyaraka za umma, faili hili halilindi siri yoyote. Linachoweza ni kumchosha anayetafuta. Na anayechoka mapema ni yule asiye na bando, asiye na kompyuta, asiye na mtoto wa IT wa kumuuliza.

Wala mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 2003, vita vya Iraki vikiwa vimeanza, wakosoaji wa Rais George W. Bush walifungua robots.txt ya tovuti ya Ikulu ya Marekani wakakuta mistari mingi sana inayoishia na neno iraq. Wakalipuka: anaficha historia! Ikulu ikajibu kwamba ilikuwa inazuia nakala rudufu za kurasa zilezile zisijirudie kwenye utafutaji. Maelezo hayo yaliingia akilini, kwa sababu kurasa nyingi zilizotajwa zilikuwa kweli nakala. Lakini shaka ilikuwa imeshaingia, na faili lenyewe lilikuwa refu kiasi kwamba mwananchi wa kawaida asingeweza kuamua. Barack Obama alipoapishwa Januari 2009, faili la mistari zaidi ya 2,000 liliondolewa likawekwa la mistari miwili. Watu wakashangilia, ingawa tovuti mpya yenye kurasa chache haihitaji katazo refu. Kwa maana hiyo hata shangwe inaweza kukosea, kama hasira.

Halafu Uingereza, Novemba 2013. Chama cha Conservative, kikiwa madarakani, kiliondoa kwenye tovuti yake hotuba za miaka kumi, kuanzia 2000 hadi Mei 2010. Gazeti la Computer Weekly likaibua kwamba robots.txt yao ilikuwa pia imefungia hifadhi ya Internet Archive. Na hapo kulikuwa na jambo ambalo wengi hawakulijua: wakati ule hifadhi hiyo ilikuwa ikitii faili la leo hata kwa kurasa ilizozichukua miaka ya nyuma. Ukifunga leo, na jana inafungwa. Chama kikasema kimeboresha tovuti ili watu wapate haraka yaliyo muhimu. Miongoni mwa hotuba zilizoondolewa zilikuwemo zile za kuahidi siasa za uwazi! Bahati nzuri Maktaba ya Uingereza ilikuwa na nakala zake. Na mwaka 2017 Internet Archive ikatangaza kwamba kanuni zilizotungwa kwa ajili ya injini za utafutaji hazifai sana kwa hifadhi ya kumbukumbu, na kwamba inakusudia kuacha kuzifuata kwa upana zaidi.

Nawaambieni habari hiyo ya pili kwa sababu mle hakuna serikali iliyoingilia. Ni chama. Chama kama chetu, kilichokuwa upinzani kikaahidi uwazi, kisha kikaingia madarakani. Sisi ambao hatujashika hata kijiji tayari tumenyamazia mkwaju wetu siku tisa. Tukipewa halmashauri itakuwaje?

Na hapo ndipo roho yangu ilipokwama. Nilirudi kutoka ofisini kwa yule afisa nimewaka. Nikafungua kompyuta niandike: HALMASHAURI INAFICHA SHERIA! Nikaishia kwenye kichwa cha habari. Nitaandikaje? Mtu akija akaniuliza, "Ninyi si ndio mliosema Google imewafungia?" nitamjibu nini? Kosa la kweli limesimama mbele yangu, mama anaumia shilingi 200 kila siku, na silaha yangu nimeshaitia kutu mwenyewe. Uongo wetu haukuidhuru serikali hata kidogo. Umemdhuru yule mama.

Kwa hiyo nasema mambo matatu, na naanza na sisi.

Kwanza, lile bango lifutwe na badala yake yawekwe maelezo haya, kwenye magrupu yaleyale. Na kuanzia leo, kabla ya yeyote kupiga kelele za "tumefungiwa", afungue robots.txt yetu kwanza. Aangalie kama kuna mkwaju umekaa peke yake. Aangalie kama seva iko hai, maana kuna mtego hapo pia: faili likikosekana kabisa, Google inachukulia kila kitu kiko wazi, lakini seva ikijibu kwa kosa la ndani, roboti anasimama kana kwamba tovuti nzima imekatazwa. Mara ngapi seva yetu ya bei chee imelala? Ukiondoa yote hayo na bado hatuonekani, hapo sasa tuzungumze, na mimi nitakuwa wa kwanza kushika bango.

Pili, halmashauri. Tunachodai ni kitu kidogo: hakuna waraka wa umma utakaowekewa Disallow. Bajeti, mapato na matumizi, zabuni, sheria ndogo, mihtasari ya baraza, vyote viwe wazi kwa roboti kama vilivyo wazi kwa mtu. Na kwa kila mstari utakaobaki, iandikwe sababu. Hata mahali pa kuiandika pamo ndani ya faili lenyewe: ukianza mstari kwa alama ya #, roboti anauruka na binadamu anausoma. Andikeni hapo: "tumefunga folda hii kwa sababu fulani, tarehe fulani, afisa wa cheo fulani". Gharama yake ni sifuri. Afisa asiyetaka kuandika sababu, hiyo sababu anaijua mwenyewe.

Msiseme ni fadhila. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Ushuru wa genge usipokuwa muhimu kwa maisha ya muuza mboga, muhimu ni nini? Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imempa mwananchi njia ya kuomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Barua yangu nimeshaipeleka masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeuliza maswali mawili tu: nani aliandika "Disallow: /taarifa", na kwa sababu gani. Sikuandika neno "mnaficha". Wakijibu kuwa ni bahati mbaya na wakarekebisha, nitawapongeza hapahapa. Wakikaa kimya, kimya chao nitakichapisha hapahapa.

Tatu, wewe unayesoma. Chukua simu yako, andika anwani ya halmashauri yako, ongeza /robots.txt, soma. Piga picha ya skrini yenye tarehe kabla hujasema chochote, kwa sababu faili hili hubadilika dakika moja na hakuna atakayekuamini kesho. Ukikuta Disallow kwenye folda ya picha za zamani au ya mafundi, achana nayo. Ukiikuta kwenye fedha za watu, andika barua.

Yule mama nilimchapishia lile jedwali la mwisho, shilingi 100 stationery. Akalibandika kwenye nguzo ya genge lake. Kesho yake mkusanyaji alisoma, akachukua 300, akatoa na risiti. Wenzake wakaja kuomba nakala. Mpaka naandika hapa nimechapisha kumi na moja.

Akaniuliza, "Kumbe ilikuwa wapi siku zote hizi mwanangu?"

Nikamwambia ilikuwa wazi, mama. Saa 24.

Mapambano yanaendelea.